Vyama Vikubwa Hufanana Wapi, na Hutofautiana Wapi, kwa Mwananchi wa Kawaida

Kila uchaguzi unapokaribia, ubishi mmoja huzuka upya. Wako wanaoamini kwamba chama chao kikishika dola maisha ya mwananchi wa kawaida yatanyooka, na wako wanaosema kwamba vyama vikubwa ni pwagu na pwaguzi, vinavyopokezana viti huku kodi, bei na mishahara vikibaki vilevile. Kauli zote mbili zina ushahidi wake, na hapo ndipo ugumu ulipo. Makala hii inafafanua ni mambo gani huvifanya vyama vikubwa vifanane, ni wapi hutofautiana kiasi cha kugusa mfuko wa mtu, na kwa nini ilani ya uchaguzi ni mahali pabaya pa kutafutia jibu. Njia ya kuaminika zaidi, ingawa inachosha, ni kufuatilia sheria moja moja: nani aliipigia kura, nani aliipinga, na nini kiliipata madaraka yalipobadilika mikono.

Chukua kifungu kimoja tu cha sheria ya Marekani. Mwezi Machi 2021 Bunge la nchi hiyo lilipitisha mpango wa kuufufua uchumi ulioumizwa na UVIKO-19, na ndani yake iliongezwa nafuu ya kodi kwa wenye watoto. Kiasi kilipanda kutoka dola 2,000 kwa mtoto kwa mwaka hadi dola 3,600 kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, na dola 3,000 kwa mwenye miaka sita hadi 17. Lakini jambo zito halikuwa kiasi hicho. Kabla ya hapo familia yenye kipato kidogo sana ilipata sehemu tu ya nafuu hiyo au haikuambulia kitu, maana ilikuwa imefungwa kwenye kipato na kodi ya mlipaji. Sasa ilitolewa kamili hata kwa mzazi asiye na kipato, na kuanzia Julai hadi Desemba nusu yake ililipwa kila mwezi, dola 300 au 250 kwa kila mtoto. Umaskini wa watoto, kwa kipimo cha Ofisi ya Sensa kinachohesabu pia misaada ya serikali, ulishuka hadi asilimia 5.2 mwaka huo. Mwaka 2022, nyongeza hiyo na misaada mingine ya wakati wa janga ilipokwisha, ukapanda hadi asilimia 12.4.

Nani alaumiwe? Hakuna mbunge wala seneta hata mmoja wa Republican aliyeupigia kura mpango ule, na hiyo ni tofauti isiyofichika kati ya vyama viwili. Hata hivyo, nyongeza ile haikufutwa na Republican. Ilikufa mikononi mwa chama kilichoizaa: Seneti ilikuwa imegawanyika 50 kwa 50, na Desemba 2021 seneta mmoja wa Democratic, Joe Manchin wa West Virginia, alitangaza kwamba hataunga mkono muswada ambao ungeiendeleza. Mwezi Machi mwaka huohuo, pendekezo la kupandisha kima cha chini cha mshahara cha taifa hadi dola 15 kwa saa lilianguka kwa kura 42 dhidi ya 58, na miongoni mwa waliolikataa walikuwamo maseneta saba wa Democratic na mmoja wa kujitegemea anayeketi nao. Kima hicho kimebaki dola 7.25 tangu mwaka 2009. Kwa hiyo anayesema vyama hivi ni sawa anakosea, na anayesema kimoja ni mtetezi na kingine ni adui anakosea vilevile. Kimoja kina kundi kubwa linalotaka jambo hilo na kundi dogo lisilolitaka. Kingine hakikulipa hata kura moja. Katika bunge lenye wingi wa kura moja, kundi dogo hilo linatosha kabisa kuzifanya tofauti zionekane kuwa maneno matupu.

Hayo ni ya ndani ya chama. Kuna pia nguvu za nje zinazovibana vyama vyote, na ya kwanza kati yake ni wakopeshaji. Mwaka 1981 Wafaransa walimchagua François Mitterrand, msoshalisti, akiungwa mkono na wakomunisti. Serikali yake ilipandisha kima cha chini cha mshahara, ikaongeza wiki ya tano ya likizo yenye malipo, ikashusha umri wa kustaafu hadi miaka 60 na kutaifisha benki kubwa na viwanda kadhaa. Mtaji ukaanza kukimbia nchi, uagizaji kutoka nje ukazidi mauzo, na sarafu ikashushwa thamani mara tatu katika muda wa miezi 18 hivi. Kufikia Machi 1983 Mitterrand alikuwa na njia mbili: kujitoa katika mfumo wa sarafu wa Ulaya na kujifungia, au kubaki na kubana matumizi. Alichagua kubaki, na tangu hapo sera ya uchumi ya wasoshalisti wa Ufaransa ilikaribiana na ya mahasimu wao kuliko mpiga kura wa 1981 angeweza kukisia.

Ugiriki yalitokea hayohayo kwa kasi ya kutisha. Chama cha Syriza kilishinda Januari 2015 kwa ahadi ya kukomesha masharti ya kubana matumizi, na tarehe 5 Julai wananchi walipoulizwa katika kura ya maoni, zaidi ya asilimia 61 walikataa masharti ya wakopeshaji. Benki zilikuwa zimefungwa, na mtu hakuruhusiwa kutoa zaidi ya euro 60 kwa siku kwenye mashine. Siku nane baada ya kura ile, serikali ileile ilikubali mkopo wa tatu wenye masharti makali. Wapo walioliita jambo hilo usaliti, na sina sababu ya kuwapinga kwa hisia zao. Ila funzo lake la kiufundi ni kwamba chama hakiwezi kutekeleza sera ambayo fedha zake ziko mikononi mwa mtu mwingine. Nchi nyingi maskini, ambazo bajeti zake hupitiwa na wakopeshaji wa kimataifa kabla ya kufika bungeni, zinaishi katika hali hiyo muda wote, kwa hiyo si ajabu kwamba mawaziri wa fedha wa vyama vinavyochukiana husoma hotuba zinazofanana.

Nguvu ya pili ni wanaolipia siasa. Mwaka 2014 wataalamu wawili wa Marekani, Martin Gilens na Benjamin Page, walichapisha uchambuzi wa masuala 1,779 ya kisera yaliyoulizwa katika kura za maoni kati ya 1981 na 2002. Walihitimisha kwamba matakwa ya matajiri na ya makundi ya maslahi yaliyojipanga yaliathiri sana kilichopitishwa, ilhali matakwa ya mtu wa kipato cha kati, yakitenganishwa na ya hao wengine, yalikuwa na athari ndogo mno. Matokeo hayo yalisambaa haraka, mara nyingi bila pingamizi lake, nalo ni pingamizi la maana: katika masuala mengi sana mtu wa kati na tajiri walitaka kitu kilekile, hivyo mtu wa kati alipata alichotaka mara kwa mara, ingawa huenda ni kwa sababu tajiri naye alikitaka. Walipopishana, hapo ndipo mabishano ya wataalamu yanapoendelea. Nionavyo mimi, pingamizi hilo linapunguza ukali wa hoja bila kuiua. Mwananchi anayepata haki yake pale tu anapokubaliana na mwenye fedha yuko katika nafasi dhaifu, hata kama anakubaliana naye siku nyingi.

Tatu, vyama vyenyewe vina tabia yake. Mwanasosholojia Robert Michels alieleza mwaka 1911, akitazama chama cha kisoshalisti cha Ujerumani kilichojinadi kuwa cha wafanyakazi, kwamba chombo kikubwa chochote huishia kuongozwa na kikundi kidogo cha watendaji wa kudumu, ambao polepole huanza kukilinda chombo kuliko waliokiunda. Mwaka 1995 wataalamu wa siasa Richard Katz na Peter Mair waliongeza hoja nyingine: vyama vikubwa vya Ulaya vilikuwa vimepoteza wanachama na ada zao, vikaegemea ruzuku ya serikali, na hivyo vikapata sababu ya kuelewana kimyakimya kuhusu mipaka ya ushindani. Kushindwa uchaguzi kukakoma kuwa janga, kwa kuwa aliyeshindwa naye hupokea ruzuku na kusubiri zamu yake. Kwa upande wa watu, wabunge waliotoka viwandani, migodini na mashambani wamepungua sana katika vyama vilivyoanzishwa na watu hao, na nafasi zao zimechukuliwa na wanasheria, washauri na watu waliofanya siasa tangu chuoni.

Mpaka hapa mwenye kusema "wote lao moja" anaweza kudhani ameshinda. Ila kuna kufanana kwa aina nyingine ambako husahaulika, nako ni kule kunakotokana na upande mmoja kushinda hoja hadi upande wa pili ukaikubali. Uingereza ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Mwaka 1946 chama cha Conservative kilipiga kura dhidi ya muswada wa huduma ya afya ya taifa ulioletwa na serikali ya Labour ya Clement Attlee. Huduma hiyo ilianza tarehe 5 Julai 1948; Conservative kiliporudi madarakani mwaka 1951 hakikuthubutu kuivunja, na tangu hapo kila kiongozi wake huapa kuilinda. (Ada za miwani na meno bandia, kwa taarifa ya wanaopenda hadithi zenye mashujaa tu, zililetwa na Labour wenyewe mwaka 1951, na Aneurin Bevan, waziri aliyeiasisi huduma hiyo, akajiuzulu kwa hasira.) Kima cha chini cha mshahara nacho kilipita njia hiyohiyo. Labour ilikianzisha Aprili 1999 kwa pauni 3.60 kwa saa huku Conservative ikionya kwamba kitaua ajira. Mwaka 2016 ikawa ni serikali ya Conservative iliyokipandisha hadi pauni 7.20 kwa wenye miaka 25 na zaidi, na kukipa jina jipya la kujivunia.

Kijana aliyezaliwa mwaka 2000 akivitazama vyama hivi viwili leo ataona vyote vinakubali kima cha chini na tiba isiyolipiwa mlangoni, naye atasema havina tofauti. Amesema kweli kuhusu leo. Kilichomponyoka ni kwamba kufanana huko kulipatikana kwa ugomvi, na kwamba kama uchaguzi wa 1945 au wa 1997, ambao Labour ilishinda, ungekwenda vingine, huenda vingefanana katika hali mbaya zaidi kwake. Ghana imepita njia hiyohiyo. Chama cha NPP kilinadi elimu ya sekondari ya juu bila ada mwaka 2012 kikashindwa na NDC, iliyodai kwamba mpango huo ni wa pupa. NPP ikashinda mwishoni mwa 2016 na kuuanza Septemba 2017. John Mahama wa NDC alirudi ikulu Januari 2025 akiwa ameshaahidi kutoufuta. Mzozo uliobaki ni nani atagharamia, na kama shule zina vitanda, walimu na madarasa ya kutosha, na hayo ndiyo maswali yanayoamua kama elimu bure ni elimu kweli.

Kuna kosa jingine linalofanywa na pande zote mbili za ubishi huu, nalo ni kudhani kwamba "mwananchi wa kawaida" ni mtu mmoja. Mpangaji na mwenye nyumba ya vyumba viwili wote ni wa kawaida, lakini sera inayopandisha thamani ya nyumba inamnyonya mmoja na kumneemesha mwingine. Mkulima anataka bei ya mazao ipande. Kibarua wa mjini anataka ishuke. Sheria ya nyumba iliyopitishwa Uingereza mwaka 1980 chini ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Conservative, iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kununua nyumba walizoishi kwa punguzo la kuanzia asilimia 33 hadi 50, kulingana na miaka waliyokaa. Kwa familia za wafanyakazi zilizonunua, na zilikuwa nyingi mno, hiyo ilikuwa pengine sera yenye faida kubwa kuliko zote walizowahi kupewa na chama chochote, na ilitoka kwa chama ambacho jirani zao walikiita cha matajiri. Nyumba zilizouzwa hazikujengwa upya kwa idadi ile, na watoto wa jirani walioingia kwenye foleni miaka 20 baadaye walikuta hakuna cha kupanga. Labour iliipinga haki hiyo kisha ikaacha kuipinga, kwa kuwa waliokuwa wakinunua ni wapiga kura wake. Scotland iliifuta mwaka 2016 na Wales mwaka 2019. England bado inayo. Ukiuliza kama sheria ile ilimhudumia mtu wa kawaida, jibu linategemea alizaliwa lini.

Yote haya yanachukulia kwamba vyama vina misimamo. Mahali pengi havina. William Ruto amepitia KANU, ODM, URP na Jubilee kabla ya kuingia ikulu ya Kenya mwaka 2022 kwa tiketi ya UDA, na safari hiyo haikuhitaji abadili maoni yake kuhusu kodi wala bima ya afya, kwa sababu hayakuwa ndiyo yaliyovitenganisha vyama hivyo. Katika siasa za namna hiyo vyama hutofautiana kwa maeneo vinayoyavuna kura na kwa watu vitakaowapa vyeo na miradi, na mwananchi huhudumiwa au kusahaulika kulingana na anakotoka. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipozua hasira, shinikizo lililomfanya rais aukatae lilitoka kwa vijana waliojitangaza kutokuwa na chama. Wiki chache baadaye ODM, chama kikuu cha upinzani, kilikuwa na viongozi wake kwenye baraza la mawaziri.

Hata hivyo ushindani bila itikadi nao huzaa matunda, na hapa ushahidi wa Afrika unapingana na dharau iliyozoeleka. Malawi ilifuta ada za shule za msingi mwaka 1994, mara baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960. Kenya ilifuta Januari 2003, siku chache baada ya KANU kuondolewa madarakani. Uganda ilifuta mwaka 1997, kufuatia ahadi ya Yoweri Museveni katika uchaguzi wa 1996, wakati ambapo vyama havikuruhusiwa hata kufanya kampeni. Serikali hizo tatu hazikuwa na itikadi inayofanana. Zilichokuwa nacho zote ni viongozi waliolazimika kuomba kura vijijini, wakagundua kwamba mzazi mwenye watoto watano anaelewa maana ya ada kufutwa bila kuelezwa. Ubora wa elimu ulidorora madarasa yalipofurika, kwa kuwa kufuta ada huonekana siku hiyohiyo, ilhali ubora wa mwalimu hauonekani mpaka miaka ipite. Ushindani humsukuma kiongozi kutoa kinachoonekana upesi. Kinachochelewa kuonekana hukosa mtetezi hata kama vyama ni kumi.

Kwa nchi zenye vyama vyenye misimamo, tofauti kubwa mara nyingi hujificha katika utekelezaji. Sheria ya bima ya afya ya Marekani ya 2010 ilipita bila kura hata moja ya Republican, na ilikusudia kupanua Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, katika majimbo yote. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kila jimbo lijiamulie. Tangu hapo mtu mzima maskini asiye na mtoto amekuwa na bima au hana kulingana na upande gani wa mpaka wa jimbo analala. Majimbo karibu yote yaliyoongozwa na Democratic yalikubali mapema. Mengi ya Republican yalikataa, ingawa gavana John Kasich wa Ohio, ambaye ni wa Republican, alikubali na kubishana na chama chake. Kufikia 2025 majimbo kumi yalikuwa bado hayajaupokea upanuzi huo, Texas na Florida yakiwemo. Hotuba za kampeni hazingekuonyesha jambo hili kwa ukamilifu wake, kwa maana wagombea wa vyama vyote viwili husema wanataka tiba nafuu.

Florida hiyohiyo inatuletea fumbo gumu kuliko yote. Novemba 2020 jimbo hilo lilimpa kura Donald Trump, na kwenye karatasi zilezile za kura zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura waliidhinisha kupandisha kima cha chini cha mshahara hatua kwa hatua hadi dola 15, sera iliyokuwa kwenye kampeni ya mpinzani wake. Mtu hawezi kuyaelewa matokeo hayo akidhani kwamba watu huchagua chama kwa kupima nani atawahudumia kiuchumi. Wengi huchagua kwa dini, kwa uhamiaji, kwa kumbukumbu ya familia, kwa kumchoka aliyepo. Chama kinachojua kwamba kura za watu fulani zitakuja hata kikiwanyima mshahara hakina sababu kubwa ya kuwapa mshahara, na hilo linavihusu vyama vyote viwili, kila kimoja na ngome yake.

Missouri ilionyesha mwisho wa njia hiyo. Novemba 2024 Trump alishinda huko kwa tofauti kubwa, na siku hiyohiyo takriban asilimia 58 ya wapiga kura waliidhinisha kima cha chini cha dola 15 pamoja na siku za ugonjwa zenye malipo, saa moja kwa kila saa 30 za kazi. Wafanyakazi walianza kuzilimbikiza saa hizo tarehe 1 Mei 2025. Mwezi huohuo bunge la jimbo, ambalo wapiga kura walewale walikuwa wamelijaza wabunge wa Republican, lilipitisha muswada wa kuziondoa. Gavana akausaini Julai, na haki hiyo ikakoma tarehe 28 Agosti.